Buibui wa Baba Mkwe

Mwaka niliochaguliwa kuwa mtu wa huduma ya kwanza katika genge letu la wachuma chai, nilijiona nusu daktari. Sikatai. Shamba tulilofanyia kazi lilitaka kila genge liwe na mtu mmoja anayejua kufunga kidonda, kumtuliza aliyezimia kwa jua na kumshughulikia aliyeumwa na mdudu. Walitufundisha siku mbili ukumbini, wakatupa chai na mandazi, kisha kila mmoja akakabidhiwa kisanduku cheupe chenye bendeji, glavu, pamba na mkasi usiokata kitu. Nilikibeba kile kisanduku hadi nyumbani ili majirani wakione, ingawa tuliambiwa kibaki kazini. Baadaye nilinunua changu mwenyewe, nikakiweka juu ya kabati ambapo mgeni yeyote angekiona.

Anayechuma chai haogopi chai, anaogopa kilichomo ndani yake. Kutwa nzima mikono inaingia kwenye vichaka bila kujua inakutana na nani. Kuna nyigu, kuna viwavi wanaowasha, kuna siafu, na kuna buibui. Buibui wetu wengi hawana neno. Anakuuma, unaruka, unamtukana mama yake, mkono unawasha siku mbili, basi. Shida ilikuwa matibabu yetu. Kabla sijapewa kisanduku, mtu akiumwa alichanjwa kwa wembe, akafungwa mkono kwa kile kipande cha tyubu ya baiskeli tunachofungia eproni ya plastiki kiunoni, akapakwa mafuta ya taa. Mmoja alimwagiwa maji ya betri na mume wake aliyempenda sana. Mimi nilipewa kazi ya kuyakomesha hayo, na kwa kuwa nina mdomo, niliyakomesha.

Nilihubiri. Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi, toa, rudisha. Pete itoke kabla kidole hakijavimba. Mguu au mkono uinuliwe. Usikate, usifunge kwa nguvu, usinyonye, usikune. Mdudu ukiweza kumpata bila kuumwa tena, mtie kwenye kiberiti ili daktari amwone. Halafu lile somo nililolipenda kuliko yote: chukua biro, uchore mstari kuzunguka uvimbe, uandike na saa. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo unapapasa, na pale joto na ugumu vinapoishia ndipo unapochora. Uvimbe ukivuka mstari, au homa ikija, au pumzi ikibadilika, hiyo si kazi yetu tena. Ni hospitali, na ni leo, si kesho.

Mwanafunzi wangu bora hakuwa mchumaji mwenzangu. Alikuwa baba mkwe wangu.

Alikuja huku kutoka Kisii akiwa kijana, akachuma chai ya wenyewe miaka thelathini, kisha akanunua kipande cha shamba upande wa Kapsoit, akapanda chai yake mwenyewe, mahindi kidogo, na ng'ombe wawili wa maziwa. Mke wake alifariki kabla sijaolewa. Nyumba yake iko juu, yetu iko chini, boma moja. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu na nyumbani huonekana kama mgeni, binti yetu alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na mzee, kila mmoja na mlango wake.

Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, lakini pia ni haya, na ina sheria zake. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ile nyumba yetu aliiezeka yeye mwenyewe, alipigilia kila bati, lakini tangu siku niliyoletwa hajawahi kukanyaga kizingiti chake. Mimi naweza kumwekea chakula mezani sebuleni kwake, nikagonga meza, nikaondoka. Chumba chake cha kulala sikijui. Hatupeani mikono. Kitu akinipa anakiweka chini, anarudi nyuma, nami nakichukua. Na kuna sehemu za mwili ambazo hazitajwi kati yetu, hata kwa ugonjwa.

Watu wa nje hudhani ni chuki. Wanakosea. Nilipokuwa na mimba ya binti yetu, nikitapika kila kitu, yule mzee alikuja kila alfajiri hadi kwenye ua na maziwa ya moto, akasimama hapo akikohoa mpaka nikatoka. Hakuna mtu aliyewahi kunikoholea kwa upendo kiasi kile. Mahindi ya kwanza ya shamba niliyakuta kizingitini kwangu kila mwaka. Nilimpenda, na ninasema hivyo bila aibu, kwa sababu kwa desturi yetu ni neno ambalo sikuweza kumwambia yeye.

Jioni alikaa nje kwake, mimi nje kwangu nikipukuchua mahindi, na uwanja katikati. Hapo ndipo nilipomfundisha. Aliuliza maswali kama mtu mwenye mtihani kesho yake. Kwa nini usifunge? Na kama ni nyoka? Ule mstari ulimfurahisha sana. Alisema siku zote watu huuliza mgonjwa kama amepata nafuu naye husema ndiyo ili asiwasumbue, lakini mstari hauna adabu, utasema kweli.

Jumatatu moja ya mvua nilikuwa najifunga eproni niende kazini aliponiita kutoka mlangoni kwake.

"Mokamwana." Ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, naye humwita baba mkwe tata, yaani baba. "Buibui ameniuma."

"Wapi, tata?"

"Mguu." Akageuka akatazama ng'ombe. "Juu kidogo. Alikuwa ndani ya suruali ya kazi."

Ile suruali ilikuwa imening'inia kwenye msumari wiki nzima kwa sababu ya mvua. Nilielewa mara moja kwamba hiyo "juu kidogo" ilikuwa mahali nisipopaswa kuuliza. Nami nikatazama ng'ombe.

"Umeosha?"

"Nimeosha na sabuni ya kipande. Nimeweka maji baridi. Sijakata. Sijafunga. Na huyu hapa." Akainua kiberiti, akakiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Nilikwenda nikakifungua. Alikuwa mdogo, wa kahawia, amekunja miguu yake. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi.

"Basi chora mstari," nikamwambia, na nikamwachia biro yangu juu ya lile jiwe. "Ikivuka uniambie, twende hospitali."

Nilikwenda kazini nikiwa na furaha. Huo ndio ukweli. Nilisimulia genge zima jinsi mzee wa miaka sabini alivyofanya kila kitu sawasawa bila mtu kumshika mkono.

Jumanne asubuhi nilipotoka, alikuwa amesimama nje.

"Imevuka, tata?"

"Haijavuka."

Jumatano nilimwuliza tena. Haijavuka. Lakini alikuwa ameegemea fimbo, na alisema ni mvua, mifupa ya wazee haipendi mvua. Sahani yake ya jana ilirudi na ugali nusu. Nikamwambia labda apitie zahanati, waangalie tu.

"Si ulisema ni mpaka ivuke?"

Angesema jambo lingine lolote, ningebishana naye, maana kubishana naweza. Lakini alikuwa ananirudishia sheria yangu mwenyewe, neno kwa neno, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilisikia raha kidogo kuisikia.

Alhamisi niliona kwamba haketi. Alikunywa chai amesimama, ameshika nguzo. Niliona pia kwamba uso wake unang'aa jasho na asubuhi ilikuwa ya baridi. Niliyaona haya yote. Nikauliza swali langu, akajibu jibu lake, nikaenda kuchuma majani. Nimejaribu kujitetea mara nyingi juu ya ile Alhamisi na sijafaulu. Kitu pekee nilichohitaji kufanya ni kuuliza, "Tata, ni wapi hasa?" Ulimi ulikataa. Miaka tisa ya heshima ilikuwa imekaa juu yake.

Ijumaa ng'ombe waliniamsha. Walikuwa wanalia kwa kutokamuliwa, na mzee yule hajawahi kuchelewesha ng'ombe. Nilikuwa bado nafunga viatu nilipomsikia mama wa maziwa akifika. Ni jirani yetu, Mkipsigis mwenye sauti ya kutosha vijiji viwili, ambaye kila asubuhi huchukua maziwa yetu na yake kuyapeleka barabarani kwa gari la maziwa. Alibisha kwa mzee, hakujibiwa, akaingia. Yeye si mkwe wa mtu pale, anaingia anapotaka.

"Mama! Kuja hapa! Mzee ako mbaya!"

Nilipanda mbio. Nilivuka sebule, nikafika kwenye mlango wa chumba, na hapo miguu ikakwama. Pazia lilikuwa limeshushwa. Upande wa pili nilisikia pumzi ya mzee, fupi fupi, na kitanda kikitetemeka.

"Ingia!"

"Siwezi kuingia."

"Unasema nini? Huyu mtu anachomeka! Na mguu yake... kuna maandishi hapa. Mtu amemwandika na biro. Mistari."

"Mstari mmoja," nikasema. "Ni mimi nilimwambia."

"Si moja." Nikamsikia akihesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, nne. Hii ingine imepinda. Tano."

Nilielewa nikiwa bado nimesimama nje ya pazia. Mistari mitano, kuanzia Jumatatu hadi siku ile. Nililisukuma pazia nikaingia.

Alikuwa amelala chali, suruali ameikata mwenyewe kwa wembe hadi juu. Paja lote lilikuwa limevimba, linang'aa, na katikati pamekuwa peusi. Na kuanzia hapo mistari ilikuwa imepangana, mmoja nje ya mwingine, ikipanda kuelekea kinenani, kila mmoja na siku yake na saa yake pembeni kwa mwandiko wake mzuri wa karani wa kanisa. J3 saa kumi na mbili. J4 saa kumi na mbili. Alifuata kila kitu nilichomfundisha. Ule wa mwisho ulikuwa umeyumba kwa sababu ya kutetemeka, lakini saa aliiandika.

Aliponiona alitafuta blanketi kwa mkono.

"Mokamwana, toka."

"Sitoki."

"Toka, mama."

"Uliniambia haijavuka!" Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele baba mkwe wangu chumbani mwake, mbele ya jirani. "Kila siku nakuuliza, unaniambia haijavuka!"

Alifumba macho. "Mstari wa asubuhi ulikuwa haujavukwa," akasema polepole. "Sikukudanganya."

Ni hivyo tu. Mzee yule hakuwa mtu wa kusema uongo, angekufa kwanza. Kila alfajiri aliona uvimbe umevuka, na kila alfajiri, kabla sijatoka nje, alichora mstari mpya mbele yake, ili nikiuliza anijibu kwa mdomo safi. Kwa sababu angesema umevuka, ningeuliza wapi. Na mtu angelazimika kuangalia, na mtu mwenyewe ni mimi.

"Nyinyi watu!" mama wa maziwa akasema, huku tayari anamfunga mzee kwenye blanketi. "Mtakufa na heshima yenu." Najua kwamba hata yeye mkwe wake wa kiume akimtembelea hukaa mbali na hampi mkono, lakini haikuwa siku ya kumkumbusha.

Tulimpakia kwenye pikapu la maziwa, katikati ya mikebe, kichwa chake mapajani mwa jirani na mguu juu ya magunia. Mimi nilikaa upande wa miguu. Njia nzima hadi Kericho mjini niliushika ule mguu kwa mikono miwili ili usigongwe, na sikukumbuka hata mara moja kwamba hairuhusiwi.

Walimpeleka moja kwa moja wakampasua, wakatoa usaha, wakamwekea maji na dawa kwenye mshipa wa mkono. Daktari, msichana mdogo mwenye miwani, alikitazama kiberiti changu kwa heshima, akanirudishia. Alisema huenda buibui mwenyewe alifanya kidogo tu. Kilichomla mzee ni uchafu ulioingia pale alipoumwa. Mzee alikuja kukiri baadaye kwamba kwa ule muwasho alijikuna kwa gunzi la mahindi. Kukuna tu ndiko alikoasi katika mafunzo yangu yote. Kisha daktari aliuliza nani alichora mistari, nikasema ni yeye mwenyewe, lakini mwalimu ni mimi. Akasema imemsaidia kujua mwendo wa ugonjwa. Akasema pia kwamba tungengoja hadi Jumamosi, mguu ungekwenda, na mzee labda angeufuata. Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi nikalia mpaka mama mmoja nisiyemjua akaniletea soda.

Alilazwa siku kumi na moja. Alirudi amekonda, na shimo kwenye paja linaloweza kuingia ngumi ya mtoto, likitakiwa kuoshwa na kufungwa upya kila siku mpaka lijae lenyewe. Mume wangu alikuja, akafanya siku mbili huku amegeuza uso, lori likamwita. Mama wa maziwa akafanya siku tatu, akapatwa na msiba kwao Kipkelion. Wazee wa ukoo walipiga simu. Mmoja alisema atafutwe nesi mwanamume. Mwingine alisema nilishaingia chumbani, nilishashika mguu, kwa hiyo mbuzi achinjwe kwanza tutakaswe, mambo mengine baadaye. Nilimwambia mbuzi hajui kufunga bendeji, na simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Siku hiyo kidonda kilikuwa hakijaoshwa tangu jana. Nilikaa nje kwangu na kisanduku magotini. Nilikuwa naogopa kupanda na naogopa kutopanda.

"Mokamwana," sauti ikaja kutoka ndani. "Lete hicho kisanduku."

Nilipoingia nilimkuta amejifunika shuka kuanzia kichwani hadi kiunoni, amejikunja ndani yake vizuri, uso hauonekani. Blanketi lilifunika mguu mmoja. Kilichobaki nje ni paja la kidonda peke yake. Alikuwa amepata njia yake. Kama hanioni, na mimi simwoni uso, basi pale kuna mguu tu na mtu wa huduma ya kwanza.

Tulifanya hivyo wiki tatu. Nilichemsha maji ya chumvi, nikayapoza, nikavaa glavu, nikaosha, nikajaza shashi, nikafunga. Yeye chini ya shuka alizungumza nami kuliko alivyowahi kuzungumza miaka tisa. Aliniuliza bei ya mbolea. Alinisimulia jinsi alivyokutana na mama mkwe wangu ambaye sikumwona, kwamba alikuwa mkali kama mimi. Aliuliza kama kidonda kinanuka. Nikasema hapana. Akasema nisimdanganye, yeye hakunidanganya. Nikasema basi kinanuka kidogo, akacheka, na shuka likaruka mdomoni. Nikimaliza nilisema, "Nimemaliza, tata," nikakusanya vitu, na alizihesabu nyayo zangu mpaka sebuleni ndipo alipojifunua.

Karibu na mwisho, shimo limeshajaa nyama nyekundu nzuri, hakuanza na bei ya mbolea.

"Kama angekuwa amekuuma wewe," akasema.

"Nani?"

"Buibui. Akuume wewe, ndani ya nyumba yako. Mwanangu yuko safari."

"Ungemwita mama wa maziwa."

"Na kama hayuko?"

Nilikuwa nakunja shashi, nikaikunja tena ingawa ilikuwa imekunjika. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka pale kifuani.

"Ningesimama nje ya mlango," akasema. "Nimelifikiria kila siku hapa. Ningesimama nje, ningekohoa, ningekuuliza kama imevuka. Ungesema haijavuka. Ningerudi kwa ng'ombe."

Nilitaka kumwambia kwamba asingefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimefanya hivyo hivyo mimi, siku tatu mfululizo, na tulijua wote wawili. Nilifunga bendeji. Machozi yaliniangukia kwenye glavu nikayaacha.

"Nimemaliza, tata."

Nilikuwa sijainuka bado, bado mkono mmoja uko juu ya fundo, alipolishusha shuka. Nywele zake zilikuwa zimevurugika na macho ni mekundu. Alinitazama usoni kama mtu anayetazama kitu ili akikumbuke, nami nikamtazama, na hakuna aliyemwambia mwenzake atoke.